Kushuka kwa Breki, Kupanda kwa Mnyororo

Cyanzarwe ni mojawapo ya tarafa 12 za wilaya ya Rubavu. Iko juu ya mji wa Gisenyi, upande wa kaskazini, imepakana na Kongo. Ardhi yake ni ya volkano: udongo mweusi unaostawisha viazi, na mawe ya lava yenye kingo kali za kukata mpira. Ziwa Kivu liko chini, kwenye mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na anayetoka Cyanzarwe kwenda mjini hana budi kuteremka kulielekea. Mkulima mwenye gunia la kupeleka sokoni, mwanafunzi, mlinzi wa zamu, mwashi anayejenga mjini, wote hawa wana safari mbili kwa siku ambazo hazifanani hata kidogo. Asubuhi baiskeli inashuka. Jioni inapanda.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua mtu akague nini na abebe nini. Asubuhi, kinachoweza kuua ni breki na foku ya mbele. Jioni, kinachomlaza mtu njiani ni mnyororo, krenki na gurudumu la nyuma. Pancha haina saa maalumu. Miongozo mingi ya baiskeli iliyoandikiwa watu wa tambarare huanza na pancha, kwa kuwa huko ndiyo balaa kubwa kuliko yote. Kwa mtu wa Cyanzarwe pancha ni usumbufu wa nusu saa, na breki mbovu ni jambo la hospitali. Basi mwongozo huu unaanzia kwenye breki.

Baiskeli nyingi za mizigo katika Afrika Mashariki ni zile ndefu za chuma, za gia moja, kutoka India na China, kama Hero na Phoenix, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito. Fito hizo huvuta vipande vya mpira kwenda juu hadi vibane upande wa ndani wa rimu. Ni mtambo wa kizamani na imara, na fundi yeyote anauelewa. Ila rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa haishikiki: unabana breki kwa nguvu zako zote na baiskeli inaendelea kwenda. Anayeshuka mvua ikinyesha inampasa abane breki mapema na kidogo kidogo, muda mrefu kabla ya kona, ili mpira ufute maji kwenye rimu kwanza. Akisubiri mpaka aione kona, amechelewa. Mwenye baiskeli ya gia yenye rimu za aluminiamu ana nafuu, ingawa naye breki yake hupungua nguvu kwenye mvua.

Ukaguzi wa asubuhi huchukua dakika moja, na haufai kuachwa hata siku moja. Kabla ya kutoka uani, simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu, kisha isukume mbele; gurudumu lisizunguke. Breki ikiwa bado imebanwa, itikise baiskeli mbele na nyuma. Kitu kikicheza kwenye shingo ya usukani, gololi za shingo zimelegea au zimekwisha, na baiskeli ya namna hiyo hutetemeka ikishika kasi. Fanya vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Pitisha kidole kwenye kila nati ya fito, kwa sababu barabara ya mawe hulegeza nati usiku na mchana. Kwenye breki za waya, angalia pale kichwa cha waya kinapoingia kwenye mkono wa breki: waya huanza kukatika hapo, uzi mmoja baada ya mwingine. Ukiona uzi mmoja umechomoza, badilisha waya siku hiyohiyo. Kwenye breki hizo za waya, angalia pia mahali mpira wa breki unapogusa. Ukipanda juu ya rimu na kusugua tairi, utakula ubavu wa tairi mpaka tyubu ichomoze na kupasuka, na hilo hutokea breki inapobanwa kwa nguvu, maana yake mteremkoni.

Breki ikifa katikati ya mteremko, shuka, tembea. Waya wa muda na mpira uliokatwa haraka kutoka kwenye ndala vinaweza kumfikisha mtu nyumbani penye tambarare. Penye mteremko vinampa imani asiyostahili kuwa nayo. Anayebeba kilo 80 za viazi anajua kwamba uzito ndio unaosukuma, wala mguu uliowekwa kwenye tairi hautauzuia.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu kushuka. Breki inayobanwa mfululizo huchemsha rimu, na joto hulainisha gundi ya viraka. Kiraka kilichodumu wiki nzima kinaweza kuachia hapo. Ni heri kubana kwa nguvu, kuachia, kubana tena, mbele na nyuma kwa kupokezana, kuliko kuburuza breki moja kutoka kileleni mpaka mjini.

Foku nayo inahitaji jicho. Kila Jumapili ifute kwa kitambaa, uangalie chini ya shingo na pale miguu yake miwili inapoungana. Ufa huanza na mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi. Mwaka 1913, katika mashindano ya Tour de France, Mfaransa Eugène Christophe alivunjikiwa na foku akiwa anashuka mlima wa Tourmalet. Kanuni za wakati ule zilikataza mshindani asaidiwe na mtu yeyote. Aliibeba baiskeli zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaiunga foku kwa mikono yake mwenyewe kwenye karakana ya mhunzi huku waamuzi wakimtazama, na bado akaadhibiwa kwa kuwa mtoto mmoja alimvukutia moto. Siku hizi waendeshaji wa Tour du Rwanda, ambao mwaka 2019 walipita zaidi ya kilomita 200 kwa siku moja kutoka Huye hadi Rubavu, hufuatwa na magari yenye magurudumu na baiskeli za akiba. Mkazi wa Cyanzarwe hana gari nyuma yake, kwa hiyo yuko karibu zaidi na Christophe, isipokuwa kwamba yeye anaruhusiwa kuomba msaada.

Abebe nini basi? Mfuko mdogo wa kitambaa au ngozi unaofungwa chini ya siti unatosha. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na kusema kweli kitambaa ndicho bora kwa kazi hii: hakifungii ndani unyevu wa kuleta kutu, na ukikitandaza chini nati hazipotei vumbini. Ndani yake kuwe na viraka, solusheni ya kuvibandikia, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana ya nati za gurudumu la nyuma (nyingi ni namba 15), na kipande cha mrija wa valvu. Pampu ifungwe kwenye fremu. Ongeza kamba mbili tatu za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu, zilezile wanazofungia mizigo. Hakuna kifaa chenye kazi nyingi kuliko hicho. Na tyubu nzima ya akiba, ya saizi yako, hata kama hujui kuibadilisha. Fundi uliyemfikia anaweza kuwa na ujuzi wote asiwe na tyubu.

Solusheni inastahili onyo. Tyubu yake ndogo ikishafunguliwa, kimiminika hukauka ndani kidogo kidogo hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Watu wengi hubeba kitu kilichokufa bila kujua, wakagundua siku ya shida. Ibonyeze kila mwisho wa mwezi. Ikiwa ngumu, nunua nyingine.

Sasa pancha yenyewe. Anayejifunza kwenye vitabu ataambiwa aanze kwa kufungua gurudumu. Kwenye baiskeli ya inchi 28 yenye fito, keria na kinga ya mnyororo, hiyo ni njia ya kujipotezea asubuhi. Mafundi wa barabarani hawafungui gurudumu: wanatoa upande mmoja wa tairi na kuvuta nje kipande cha tyubu kinachotakiwa tu. Waige. Sogea nje ya barabara kwanza, teremsha mzigo, egemeza au pindua baiskeli. Kisha, kabla hujagusa tairi, zungusha gurudumu polepole ukitafuta msumari, mwiba au mkato wa jiwe. Ukiupata, weka alama, na kazi yako yote itakuwa kwenye sentimita 20 za hapo.

Usipoona kitu, shuku valvu kabla ya tyubu. Baiskeli za inchi 28 kwa kawaida hutumia valvu ya zamani yenye mrija mwembamba wa mpira uliovishwa kwenye pini ya chuma. Mrija huo hukauka na kupasuka, upepo ukatoka taratibu wakati tyubu haina tundu lolote. Paka mate kwenye mdomo wa valvu. Mapovu yakitokea, fungua nati yake, vua mrija mbovu, kata kipande kipya cha sentimita mbili tatu, kilowanishe, kivishe. Ni kazi ya dakika mbili, na wapo watu waliotoa tairi zima kwa ajili yake.

Kama tundu liko kwenye tyubu, toa upepo wote, kisha ukizunguka gurudumu lote minya kingo za tairi ziingie katikati ya rimu, kwenye bonde lake. Hapo ndipo tairi linapata ulegevu wa kutoka. Asiyefanya hivyo hutumia nguvu nyingi na kuvunja vyuma. Bisibisi isiguse tairi kamwe, kwani pancha ya pili hutokana nayo. Mipini ya vijiko viwili ni afadhali zaidi. Vuta tyubu, ijaze upepo kidogo, ipitishe karibu na shavu au midomo, ngozi huhisi upepo ambao sikio halisikii. Penye dimbwi au kidumu cha maji, mapovu yataonyesha.

Tundu moja humaanisha kilichochoma. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba yana habari nyingine: tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu, yaani upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo ule. Kiraka kitaziba matundu hayo, lakini usipoongeza upepo yatarudi kesho kwenye jiwe lilelile. Kiwango cha juu cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kwa barabara ya lava yenye mzigo ni vizuri kukikaribia.

Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mpira upoteze mng'ao. Paka solusheni nyembamba. Halafu subiri, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Solusheni haishiki ikiwa mbichi. Dawa iliyomo inatakiwa iruke hewani kwanza, na ukibandika kabla ya hapo unaifungia chini ya kiraka, nayo itatafuta njia ya kutoka. Ngoja dakika kama tano, mpaka ukigusa pembeni kidole kisilowe. Bandika, kandamiza kwa kisigino cha kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha nyunyizia vumbi laini juu ili tyubu isigande kwenye tairi.

Wakati wa kusubiri si wa kukaa bure. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitambaa na si vidole, kwani kilichotoboa tyubu bado kimo humo mara nyingi, na kipande cha lava ni kikali. Tairi likiwa limekatwa hadi tyubu inaonekana, weka ndani kipande cha tairi kuukuu kikubwa kuliko mkato. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo, anza kuingiza tairi upande ulio mbali na valvu na umalizie kwenye valvu, ukiisukuma juu mara moja ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Maliza kwa mikono.

Viraka vimekwisha? Kunja tyubu pale penye tundu uifunge kwa kamba ya mpira kwa nguvu sana. Itashika upepo wa kutosha kumfikisha asiye na mzigo kwa fundi, polepole. Ikishindikana, kuna njia ya wazee: jaza majani mabichi ndani ya tairi, uyashindilie. Rimu itapona, ingawa safari haitakuwa ya raha.

Jioni, mambo yanageuka. Anayepanda kutoka mjini na kilo kadhaa za unga na sabuni anaweka nguvu ya mwili mzima juu ya mnyororo mmoja. Mnyororo uliolegea huruka, na unaruka pale pale mguu unapokandamiza, mtu akaangukia usukani. Ukiubonyeza katikati, upande wa chini, ucheze juu na chini kwa sentimita moja hivi. Ukicheza zaidi, legeza nati za nyuma, vuta gurudumu nyuma huku ukilinyoosha, kaza tena. Uzungushe mzunguko mzima kwanza ujue unakaza zaidi wapi, kwani meno ya mbele mara nyingi hayako duara kamili.

Uchakavu hupimwa kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, mnyororo mpya hutoa milimita 305. Ukifika 308, badilisha. Anayeahirisha hununua na friwili pia, maana mnyororo mchakavu hutafuna meno mpaka mpya usikae. Kinachouchakaza huku ni vumbi la volkano likichanganyika na oili. Oili chafu ya injini, inayopendwa kwa kuwa ni ya bure, huleta uchafu wake yenyewe. Weka tone moja la oili safi kwenye kila kiungo, kisha futa nje mpaka pakauke; kinachobaki nje ni cha kukusanya mchanga tu. Na kiungo chenye klipu, kile cha kufungulia mnyororo, klipu yake iwekwe upande uliozibwa ukitangulia uelekeo wa mnyororo. Ikiwekwa kinyume, kijiti au jiwe linaweza kuivua.

Krenki inayogonga mara moja kwa kila mzunguko imelegea pini yake. Usiikanyage kwa matumaini. Chuma cha krenki ni laini kuliko wengi wanavyodhani, na kila hatua hupanua tundu hadi pini mpya isishike. Shuka, sukuma hadi kwa fundi. Spoki zilizovunjika ni za gurudumu la nyuma karibu zote, na huvunjika kwa sababu ya mzigo. Ikitokea, izungushie kwenye jirani yake isipige fremu, legeza breki kama rimu inayumba, punguza mzigo. Mzigo wenyewe ukae juu ya ekseli ya nyuma, wala usiwe nyuma yake. Ukienda nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi mlimani na usukani hautii.

Wapo wanaoumaliza mlima kwa kushika lori. Kwenye barabara ya lami inayotoka Musanze kuingia Gisenyi, malori ni mengi na kishawishi ni kikubwa, hasa kwa abanyonzi, wale wanaobeba abiria na mizigo kwa kulipwa. Polisi ya Taifa ya Rwanda, ambayo Mei 2019 ilizindua kampeni ya usalama barabarani ya Gerayo Amahoro, imelikemea jambo hili mara nyingi, na ina haki. Dereva wa lori hamwoni mtu aliyeshikilia nyuma, na lori likipunguza mwendo ghafla hakuna breki ya fito itakayosaidia. Vilevile waendesha baiskeli hukumbushwa waondoke barabarani giza linapoingia. Jua linazama karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo pancha ya saa kumi na moja jioni inataka uamuzi wa haraka: kama kuna fundi karibu, nenda kwake badala ya kujifunza kubandika siku hiyo. Taa na kiakisi viwepo hata kwa anayeamini kwamba atafika mapema.

Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ulifurika ukaharibu nyumba wilayani Rubavu. Baada ya mvua ya usiku, anayepita upande wa Nyundo, kwenye mto huo, aulize njia kwanza. Matope nayo hujaa chini ya madigadi hadi gurudumu likwame. Kijiti kigumu cha kuyachokoa kinastahili nafasi kwenye keria.

Kuhusu saizi: 26 × 1.75 na 26 × 1¾ zinasikika sawa lakini tairi zake haziingiliani, kwa sababu rimu zinatofautiana milimita 12. Namba ya kuaminika ni ile yenye kistari ubavuni, kama 40-635 kwa inchi 28 au 50-559 kwa baiskeli nyingi za gia. Iandike kwenye simu kabla ya kwenda dukani. Anayenunua baiskeli kwa mara ya kwanza naye aende kwanza kwa fundi wa kituo chake, atazame ni spea gani zimetundikwa pale, ndipo achague. Baiskeli nzuri kuliko zote mjini Kigali haina faida Cyanzarwe kama ekseli yake haipatikani mpaka Kigali.

Ukaguzi mkubwa wa mwezi, wa mnyororo, foku, spoki na solusheni, ufanyike Ijumaa inayotangulia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumamosi hiyo ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii: usafiri husimama kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi na mafundi wako kazini na wengine, kwa hiyo kitakachogunduliwa asubuhi hiyo kitasubiri hadi mchana.